Hakai Hapa

Kwa mliochelewa kunifuata: mimi ni fundi wa vigae, mwanamke, mama wa mtoto mmoja, na nchi hii sikuingia kwa kuruka ukuta. Niliingia mchana kweupe, mwiko na pimamaji begani, kwa makubaliano ambayo nchi zetu zimetiliana sahihi. Raia wa huku aende kule, afanye kazi, akipenda ahamie kabisa, na mtoto wake amfuate. Hiyo ni haki, si fadhila ya mtu. Wiki iliyopita niliwaacha nimepiga magoti kwenye bafu la tajiri mmoja, simu inalia mfukoni, na mimi sina shaka kwamba wananipigia kuniambia mwanangu aje.

Basi nikapokea.

"Hapa ni ofisi ya wakazi," sauti ya mwanamke ikasema. "Ni kuhusu ombi la mtoto wako. Tumelifunga."

"Mmelifunga kivipi?"

"Mwombaji hayupo nchini. Alisharudi kwao."

"Mwombaji ni mimi."

"Ndiyo."

"Sasa hapa unaongea na nani?"

Nikasikia anabonyezabonyeza kompyuta. "Mimi nasoma kilichoandikwa, dada. Mkaguzi amefika nyumbani kwako leo asubuhi, akaambiwa huishi pale. Umeshaondoka."

Simu ikakatwa. Kigae nilichokuwa nimetoka kukibandika kilikuwa kinateremka ukutani polepole, gundi bado mbichi, nami nakitazama tu. Nikakirudisha juu kwa kiganja, nikapima, nikakishikilia mpaka kikakamata. Hasira nilizokuwa nazo zingeweza kuubomoa ukuta mzima, lakini kazi yangu siiharibu kwa sababu ya mtu wa ofisini.

Mwanangu ana miaka tisa. Nilipomwacha kwa mama yangu alikuwa bado na meno yake yote ya utoto. Yameng'oka na mengine yameota, na habari hizo zote nimezipata kwa simu. Shule nimeshamtafutia hapa. Mwalimu mkuu kaniambia nafasi yake ipo mpaka muhula utakapoanza, baada ya hapo anapewa mwingine. Kilichokuwa kimebaki ni mkaguzi aje aone chumba atakacholala mtoto. Hicho tu.

Kontrakta alinikuta ukumbini nakunja mfuko wangu wa vifaa. "Unakwenda wapi? Hilo bafu linakabidhiwa kesho."

"Naenda nyumbani kuuliza kama nakaa pale."

Alidhani namfanyia dhihaka. Tutamrudia huyo siku nyingine, naye ana yake.

Ninakaa ghorofani kwa Shangazi, dada yake baba. Yeye alihamia nchi hii zamani, kabla ya makubaliano, enzi ambazo mtu wa kwetu akisikia buti za askari kwenye ngazi anaruka dirisha la jikoni. Sebuleni analala Kinyozi, kijana wa kwetu vilevile, mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Siku hiyo niliwakuta wote wawili wamekaa kwenye kochi wananisubiri, nyuso zinang'aa kama watu walioshinda kesi.

"Kaa, dada," Kinyozi akasema. "Kaa kwanza unywe maji. Leo tumekuokoa."

Nikakaa.

"Kaja mtu," Shangazi akaanza. "Mwanamume. Viatu vya mpira, havitoi sauti kabisa. Nikajisemea huyu ni mmoja wao."

"Akamtaja dada kwa jina lote," Kinyozi akadakia. "La kwake, la baba, la babu. Nani anakujua mpaka kwa babu yako akakutakia mema?"

"Mkamwambia nini?"

"Nikamwambia hakai hapa," Shangazi akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja kazi aliyoifanya vizuri.

"Mimi nikaona hiyo haitoshi," akasema Kinyozi. "Maana mtu kama yule ukimwambia hakai hapa atakuuliza anakaa wapi. Nikatokea na mkasi wangu mkononi, nikamwambia, bwana, huyo dada alisharudi kwao. Mimi mwenyewe nilimsindikiza. Alilia sana. Nikamwonyesha na mahali begi lake lilipokuwa linakaa."

"Begi langu liko pale pale."

"Nilikuwa nimelisukumia nyuma ya pazia."

Wakacheka. Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Mimi nikawa nawatazama, na ninyi wasomaji ambao mmekuwa mkiniandikia kwamba nina mdomo mchafu, mngeniona siku hiyo mngeshangaa. Mdomo ulikauka.

Lazima niwaeleze desturi ya nyumba ile, la sivyo mtawaona hawa ni wajinga, nao si wajinga. Siku niliyofika, kabla sijaonyeshwa choo, Shangazi alinifundisha jambo moja. Mtu akija kumuulizia yeyote wa humu, jibu ni moja: hakai hapa. Usiulize anatafutwa kwa nini. Usiite ndani kuuliza. Jibu, funga mlango, halafu ndiyo umwambie mwenzio. Watu wengi walipona kwa neno hilo. Wengine leo wana wajukuu wanaosoma huku, na Shangazi ndiye aliyesimama mlangoni na uso mkavu akawakana mmoja mmoja. Makubaliano yalipotiwa sahihi, mipaka ikafunguliwa, watu wakaanza kupita mchana. Desturi haikuambiwa na mtu kwamba kazi yake imekwisha.

Mimi nilikuwa nimewaambia mkaguzi atakuja. Lakini pale kaunta ya ofisi ya wakazi niliongea na mwanamke, basi na mimi nikawaambia atakuja mwanamke. Nao wakakaa mkao wa kumpokea mwanamke.

"Shangazi," nikasema, "huyo ndiye mkaguzi wa chumba cha mtoto."

Kicheko kikaisha.

"Yule mwanamume?"

"Yule. Wameandika nimerudi kwetu. Ombi la mtoto limefungwa."

Kinyozi aliweka mikono kichwani. Shangazi alianza kunyoosha kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimenyooka. Hatimaye akasema, "Ningejuaje kwamba huyu ni wa heri?"

"Ungemuuliza."

"Wewe hujui unalolisema. Kuuliza ndiyo kumkaribisha."

"Shangazi, siku hizo zimepita. Mimi sikujificha kwa mtu. Nimekuja kwa haki yangu."

"Haki yako ya juzi," akanijibu, naye sasa kawaka. "Mimi hapa nimewaficha watu wewe ukiwa hujazaliwa. Usije ukanisomea haki kwenye kochi langu."

Ningemjibu vibaya, nakiri. Lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Simu ikanikatiza. Alikuwa mwanangu.

"Mama, umefika wapi?"

"Nimefika wapi kivipi?"

"Bibi kapigiwa na watu wa ofisi ya huku. Wamesema mimi siendi tena kwa sababu wewe umesharudi. Nimetoa nguo zangu kwenye sanduku. Nimekutandikia upande wa ukutani, mimi nitalala upande wa nje. Unaingia leo au kesho?"

Kazi gani nzito sijaifanya mimi? Nimebeba mifuko ya saruji ghorofa kwa ghorofa na wanaume wananitazama. Lakini kumwambia mtoto yule kwamba siji, na yeye pia haji, hilo lilinishinda. Nikamwambia mtandao unasumbua, nitapiga baadaye. Nikakata, nikalia mbele ya Shangazi bila kujifunika.

Asubuhi nilikuwa mlangoni pa ofisi kabla hawajafungua. Sikubadilisha nguo za kazi, na nilifanya kusudi. Mkaguzi alikuwa kijana mstaarabu, shati la mikono mifupi, na kweli viatu vyake havikutoa sauti.

"Mimi ndiye niliyerudi kwetu," nikamwambia. "Nishike uone."

Nikaweka mkono wangu mezani, gundi imekaukia mpaka kwenye kiwiko. Hakuushika. Akanionyesha kiti.

"Mama, mimi sikukukataa. Wenzio wa nyumbani ndio waliokukataa."

"Walinificha."

"Kwa nini wakufiche, kama huna la kufichwa?"

"Kwa sababu waliwajua ninyi kabla yangu."

Akainamisha macho. Nadhani lilimwingia. "Nikuambie ukweli. Kama walisema kweli, wewe huishi pale na mtoto haji. Kama walidanganya, basi wamemdanganya mtu wa serikali akiwa kazini, na nyumba ya namna hiyo siwezi kuandika inafaa kulea mtoto. Unataka niandike lipi?"

"Andika kwamba niko mbele yako."

"Kuwa mbele yangu si kukaa pale."

"Bwana mkubwa, sikuja kuomba. Kilichoandikwa kwenye makubaliano kinasema nije, nifanye kazi, nikae, mtoto anifuate. Nimekuja, nafanya kazi, nakaa. Zamu iliyobaki ni ya mtoto. Kama hapa hamkiheshimu, niambie ni ofisi gani inayokiheshimu, nitakwenda kwa miguu."

Watu waliokuwa kwenye foleni nje ya mlango walishaanza kugeuza shingo. Mkaguzi akashusha sauti. "Mwenye mkataba wa ile nyumba ni nani?"

"Shangazi yangu."

"Aje mwenyewe leo, kabla hatujafunga. Aseme hakuelewa swali, athibitishe unakaa kwake, atie sahihi. Kesho jalada linakwenda juu, na huko hakuna wa kuongea naye."

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Ngazi zile za ghorofa nilizipanda mbili mbili, nikamkuta Shangazi anakatakata vitunguu.

"Vaa twende," nikasema. "Ni sahihi tu."

"Siendi."

"Shangazi."

"Nimesema siendi. Kinyozi aende."

"Kinyozi hana mkataba wa nyumba. Mkataba ni wako."

Akaweka kisu chini. "Mkataba si wangu," akasema. "Jina lililoko pale si langu."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akavuta kigoda, akakaa, na kwa mara ya kwanza nikamwona mzee. Akanieleza. Alipofika alipata kazi ya kufua mashuka hospitalini, na kulikuwa na mwenyeji mmoja wakifua pamoja. Mwenyeji yule akaolewa, akaenda kukaa mbali, akamwachia kitambulisho chake. Picha haikuwafananisha sana, ila nani anafanana na picha ya kitambulisho chake? Kwa jina lile akaendelea na kazi, akapanga nyumba, akatibiwa. Mwenye jina huko aliko hakutaka kujua tena, na baadaye akafariki.

"Lakini makubaliano yalipokuja," nikasema, "ungekwenda ukajiandikisha. Ni haki yako kama ilivyo yangu."

"Ningejiandikishaje, na mimi nimeshajiandikisha mtu mwingine?" Akacheka kidogo, bila furaha. "Wewe unatembea barabarani umeinua kichwa, mimi nakutazama dirishani. Nakuonea fahari, na wivu pia nakuonea. Nikiitwa jina langu siku hizi sigeuki. Linalonigeuza ni la yule."

Sasa hapa nisikilizeni, na mnihukumu mkitaka. Mimi niliyekuwa natangaza haki ofisini mpaka foleni ikageuka, mimi niliyesema sikujificha kwa mtu, sikumwambia Shangazi asidanganye. Nilimshika mkono nikamwambia, "Basi nenda kwa jina hilohilo. Umeshalitumia maisha yako yote. Litumie mara moja zaidi kwa ajili ya mtoto, halafu hatutalizungumza tena."

Shangazi alikusanya maganda ya vitunguu. "Atalala upande gani?" akauliza.

"Nani?"

"Mtoto. Akija."

"Ukutani. Mimi nitalala upande wa nje."

Akainuka, akanawa mikono, akaenda kuvaa gauni lake zuri.

Njia nzima nilimsikia akilirudiarudia lile jina chini kwa chini, kama mtu anayeogopa kulisahau, jambo ambalo lilinishangaza. Ofisini nikamwekea mkono mgongoni. Mkaguzi alituona, akaacha kazi yake, akamvutia kiti. Kitambulisho akakisoma, na uso wake wote ukalegea.

"Kumbe mama ni mwenyeji," akasema. "Sasa hapa kuna tatizo gani? Ungesema jana mlangoni tukamaliza pale pale."

Mwajua kilichoniuma? Si kwamba alidanganyika. Ni kwamba kwa mwenyeji uongo wa mlangoni ulikuwa ni kutoelewana tu, wakati kwangu mimi ulikuwa kosa la kumtenga mtoto na mama yake. Lakini nilimeza. Kwa ajili ya mwanangu ningemeza hata ile gundi.

"Nilishtuka," Shangazi akasema. "Sikuelewa swali."

"Hutokea, mama, hutokea." Anaandika huku anatabasamu. "Huyu mpangaji wako anakaa kwako kweli?"

"Anakaa kwangu."

"Na mtoto wake utamkubali?"

"Nitamkubali."

Nilikuwa nimeshashusha pumzi. Nilikuwa nimeanza kuwaza nani atamsindikiza mtoto mpaka mpakani, na kama sanduku aliliweka mbali au bado lipo karibu. Mkaguzi akageuza karatasi, akamwekea kalamu.

"Tamka jina lako kwa sauti, mama, useme kwamba uliyoyasema ni kweli. Halafu sahihi pale chini. Ni utaratibu tu."

Shangazi akashika kalamu. Akafungua mdomo. Akaufunga.

Nikamgusa goti chini ya meza. Akalisogeza goti lake.

"Mama?" Mkaguzi akasema.

"Hilo jina si langu," Shangazi akasema.

Akaweka kalamu. Akaketi wima, akalitaja jina lake. Lake mwenyewe, la baba yake, la babu yake, ambao ni babu zangu pia. Alilitaja kwa sauti ya kuita mtu aliye mbali. Sikuwa nimewahi kulisikia likisemwa katika nchi hii.

"Na huyu si mpangaji wangu," akaendelea. "Ni mtoto wa kaka yangu. Jana nilimkana mlangoni, na leo nimekuja kujikana mimi. Nimechoka. Andika hivyo. Nilikuja kabla hamjafungua milango, nimefua mashuka ya wagonjwa wenu mpaka kucha zikaoza, na leo natoka kwetu kama yeye anavyotoka kwetu. Haki aliyonayo ni yangu pia. Kama mnanifunga, mnifunge kwa jina langu."

Moyo wangu ulifanya mambo mawili kwa pamoja. Ulimpenda Shangazi kuliko nilivyowahi kumpenda mtu mzima yeyote. Na ulimchukia, kwa sababu niliona lile sanduku dogo likirudishwa juu ya kabati.

Mkaguzi hakumtazama yeye. Alinigeukia mimi. Tabasamu lilikuwa limeondoka, kalamu ameishika wima.

"Nakuuliza mara moja," akasema. "Wewe ulijua?"

Nililiona jibu alilokuwa ananipa, amenishikia kama mlango. Niseme sikujua, basi. Mimi ni mgeni halali niliyedanganywa na mwenye nyumba. Nitafute chumba kingine, mkaguzi aje, mtoto afike kabla ya muhula. Kilichotakiwa ni nimgeuzie Shangazi uso mkavu niseme simjui huyu mtu. Alikuwa amenifundisha mwenyewe namna ya kulisema. Nikamtazama, naye akanipa ishara kwa macho, ndogo sana, kwamba sema tu mwanangu, mimi nimezoea.

"Nilijua," nikasema. "Na andika kwamba mimi ndiye niliyemtuma atie sahihi."

Shangazi akafumba macho.

Mkaguzi akainuka kwa vile viatu vyake visivyo na sauti, akaenda mlangoni, akachungulia foleni kushoto na kulia, akafunga mlango kwa ndani na ufunguo akautia mfukoni.

"Kuanzia sasa," akasema, na hakuwa tena anaongea kama mtu wa ofisi, "hata mmoja wenu asiseme neno lolote mpaka nitakapomuuliza."

Alichotuuliza nitawaambia wiki ijayo.